Nimepata admisheni ya uinjinia chuo cha Kikristo Marekani, nitatoka injinia au mwinjilisti?

Kipimapembe:

Shikamooni wakubwa, na wenzangu habari zenu. Naomba ushauri maana natakiwa kuwajibu kabla mwezi haujaisha na kichwa kimeshajaa.

Nimekubaliwa kusoma uinjinia wa mitambo huko Marekani. Chuo chenyewe ni cha Kikristo, kidogo, ni hivi vyuo vinavyoitwa vya sanaa huria, na wamenipa skolashipu ya karibu nusu ya ada. Nikafurahi weee mpaka nilipofungua mpangilio wa kozi wa miaka minne. Muhula wa kwanza nina kalkulasi, nina kemia, nina utangulizi wa uinjinia, halafu nina Agano la Kale na uandishi wa insha. Mwaka wa pili kuna filosofia. Mwaka wa tatu kuna kitu kinaitwa sanaa na utamaduni, sijui tutapigishwa filimbi. Nikahesabu kozi zote ambazo sio uinjinia wala hesabu wala sayansi, zikafika kumi na tatu!

Mjomba wangu ndiye anayenisomesha, kuiona tu ile karatasi kavua miwani kasema "mimi nalipa mtu akajifunze injini, sio akajifunze Yeremia". Tangu siku hiyo hapokei simu zangu vizuri.

Kwa hiyo naomba kujua, hii digrii inatambulika kweli au ni ya kuning'iniza ukutani? Waajiri wanaichukuliaje? Na hizo kozi za Biblia ni za kupandishia GPA au nazo zina msuli wake? Halafu mimi sio mlokole wa kukesha, naenda kanisani Jumapili basi, je nitaishi huko?

Mzee_wa_Spana:

Dogo mjomba wako ana akili, msikilize.

Mimi nimesoma chuo cha jimbo hukohuko Marekani, chuo cha watu zaidi ya elfu thelathini. Tulikuwa na handaki la upepo la kupimia mabawa ambalo unaingia umesimama. Tulikuwa na maabara za kila aina, ukiamka unataka roboti ipo, ukitaka injini za ndege zipo, ukitaka betri kuna prof kazi yake betri tu tangu nyie hamjazaliwa. Mwaka wa nne unachagua kozi kama unachagua nguo. Wewe huko kwenye chuo cha watu elfu mbili utachagua nini, kuna maprofesa sita wa uinjinia idara nzima, kozi za kuchagua mbili, na mojawapo mwaka huu haifundishwi kwa sababu mwenye nayo yuko likizo.

Halafu siku ya waajiri kuja chuoni, kwetu ilikuwa siku mbili, uwanja wa basketi umejaa meza. Vyuo vidogo wanakuja waajiri wa hapohapo mjini na watu wa misheni. Uinjinia ni uinjinia, ukitaka Biblia ipo kwenye simu.

Chumvi_ya_Dunia:

Nenda mwanangu, Bwana akutangulie, usiogope.

Kipimapembe:

@Chumvi_ya_Dunia amina sana, ila swali langu lilikuwa la digrii 😅

Mkereza_Vyuma:

Mdogo wangu tulia, usikubali wala usikatae kwanza. Mimi nimemaliza chuo cha aina hiyohiyo, mitambo hiyohiyo, sitakitaja kwa jina maana nina ya kukisema na sitaki kesi na mtu.

Tuanze na jambo moja ambalo likikosekana mengine yote ni stori tu, ITHIBATI. Marekani kuna chombo kinaitwa ABET, ndicho kinachokagua programu za uinjinia. Na soma vizuri hapa, kinakagua PROGRAMU, sio chuo. Chuo kinaweza kuwa na ithibati yake ya chuo kizima, wakaiandika kwenye brosha kwa herufi za dhahabu, na programu yako ya mitambo isiwe nayo, au umeme wanayo na mitambo hawana. Ingia tovuti ya ABET wenyewe, kuna sehemu ya kutafuta, andika jina la chuo uone programu yako imo au haimo. Usiishie kwa ofisi ya admisheni, wale kazi yao ni kukuleta. Na kama programu ni mpya ujue ABET hawaipi ithibati mpaka iwe imeshatoa mhitimu, kwa hiyo wale wa kwanza wanasoma kwa imani kweli kweli, kawaida ithibati ikija inaweza kurudi nyuma kuwafunika ila hakuna anayekuandikia dhamana.

Ikiwepo hiyo, digrii yako ni digrii kama ya mzee wa spana hapo juu, na ukirudi nyumbani bodi ya wahandisi wataanzia hapohapo, ABET imo kwenye makubaliano ya Washington ya 1989 ambayo nchi zilizosaini zinatambuliana digrii za uinjinia. Na usidhani ni kitu cha kubahatisha au cha jana. Calvin kule Grand Rapids, Dordt ya Iowa, Messiah ya Pennsylvania, Cedarville ya Ohio, George Fox ya Oregon, vyote ni vyuo vya Kikristo na uinjinia wenye ABET wanao. LeTourneau ya Texas ndio usiseme, ilianzishwa 1946 na mtu aliyekuwa anatengeneza mitambo ya kuchimba na kusukuma udongo, wanafunzi wa mwanzo walikuwa wanajeshi waliorudi vitani, ila ile wenyewe wanajiita politekniki kwa hiyo tuiweke pembeni.

Sasa hizo kozi zako kumi na tatu. Chukua kalamu umwoneshe mjomba. ABET wanataka angalau krediti 30 za hesabu na sayansi, na angalau krediti 45 za uinjinia wenyewe. Jumla 75. Digrii ya miaka minne huko ni krediti 120 na kuendelea, za uinjinia nyingi zinavuka hapo. Kwa hiyo chuo chochote kile, kiwe cha serikali kiwe cha masista, kuna krediti kama hamsini juu ya kile kiwango cha chini, na hapo ndipo vyuo vinapoachana. Cha jimbo anazijaza nyingi kwa kozi zaidi za uinjinia na za kuchagua, na kidogo historia na uandishi maana hata yeye hakwepi. Cha kwako anazijaza kwa Yeremia. Mjomba hajaibiwa injini, injini yote imo, alichopunguziwa ni zile kozi za mwaka wa nne anazosema mzee wa spana, na hapo mzee yuko sahihi wala simbishii.

Na hilo jina sanaa huria lisikutishe, sio kuchora. Zile za kale zilikuwa saba, sarufi, mantiki, balagha, hesabu, jometri, muziki na elimu ya nyota. Hesabu hizi na jometri zilikuwa humo humo kabla uinjinia haujawa kozi ya chuo.

Umeuliza kama kozi za Biblia ni za kupandishia GPA. Hahaha. Mimi nilipata B ya kalkulasi ya pili na C ya Agano la Kale, mtoto wa shemasi mimi. Insha ya kwanza tulipewa mstari mmoja tu, Kumbukumbu la Torati 22:8, ule unaosema ukijenga nyumba mpya uweke ukuta pembeni ya dari mtu asije akaanguka ukawa na damu juu ya nyumba yako. Nikasema hii ndogo, nikaandika kurasa nne moto, wokovu, neema, mwamba imara, yaani ungeisoma ungetoa sadaka. Ikarudi imeandikwa chini kwa wino wa kijani "umehubiri vizuri, swali hujajibu". Swali lilikuwa kwa nini sheria inamtwisha mwenye nyumba mzigo wa mtu ambaye hata hajamwalika. Nikaandika upya mara mbili. Sasa hivi kazini nikiandika ripoti bado namsikia yule mwalimu, umehubiri, swali hujajibu.

Kuishi utaishi. Ibada inategemea chuo. Calvin ipo kila siku ya masomo ila hulazimishwi, Cedarville ni kila siku na ni lazima, na kila mwanafunzi anabeba masomo ya Biblia mpaka yanakuwa fani ndogo. Kwetu tulikuwa tunapitisha kadi mlangoni, ukikosa zaidi ya idadi fulani unaitwa. Kuna watu walikuwa wanapitisha kadi wanatokea mlango wa nyuma, nao wakawekewa mtu mlango wa nyuma. Pia kuna karatasi ya mwenendo, pombe na mengine, isome KABLA ya kusaini sio baada. Vingine wanataka ukiri imani wakati wa kuomba, vingine wanapokea mtu wa imani yoyote.

Halafu kuna kitu mzee wa spana hakukwambia. Kwenye vyuo hivi vidogo wanafunzi wa udaktari hakuna. Maana yake ni kwamba mashine zote ni zenu. Mwaka wa pili nilikuwa nakereza shafti mwenyewe saa tatu usiku, aliyeshika funguo za karakana ni mwanafunzi mwenzangu, prof wangu wa mashine akapita na kikombe chake mkononi, akasimama mlangoni hata hakuingia, akasema "unasikia inavyolia? punguza kina cha kisu", akaondoka zake. Nikapunguza, ikanyamaza. Muulize mzee wa spana prof wake wa betri alikuwa anamjua jina.

Mzee_wa_Spana:

Hakuwa ananijua, na wala mimi sikuwa na haja 😂 darasa la themodinamiki tulikuwa zaidi ya mia mbili, aliyenifundisha kweli kweli ni mwanafunzi wa udaktari Mkorea ambaye Kiingereza chake na changu vilikuwa vinasaidiana.

Haya hapo nimeelewa habari ya karakana. Lakini msimdanganye dogo kwenye kazi. Tena yeye ni wa viza ya F-1, ile ya mwanafunzi. Akimaliza anapata ruhusa ya kufanya kazi miezi 12, na kwa kuwa ni uinjinia anaweza kuongeza 24, jumla miaka mitatu, ila hiyo nyongeza lazima mwajiri awe kwenye mfumo wa E-Verify, ule wa serikali wa kuhakiki kama mtu anaruhusiwa kufanya kazi, na viwanda vidogo vingi hawataki hata kuusikia. Viwanda vya silaha na anga kazi nyingi wanataka raia au mwenye kadi ya kijani, hapo wala usipoteze muda wako kwenye foleni. Sasa kwenye siku ya waajiri yenye meza mia tatu ukitoa hizo zote unabaki na meza themanini, kwenye yenye meza ishirini ukitoa unabaki na meza ya chai.

Mkereza_Vyuma:

Ni kweli, na hii nimeionja. Kinachosaidia ni chuo kiko wapi. Ukiwa Grand Rapids kwa mfano, ule ukanda wote wa magharibi mwa Michigan una viwanda, samani za ofisi zinatengenezwa hapo hapo, Steelcase wako Grand Rapids, Haworth wako Holland, mwanafunzi anaenda intanshipu kwa basi. Ukiwa katikati ya mahindi ni hadithi nyingine. Muulize chuo chako wanafunzi wa uinjinia wa F-1 waliomaliza miaka mitatu iliyopita wako wapi, mmoja mmoja. Idara ndogo wanawajua wote, wakikujibu kwa asilimia jua wanazunguka.

Dada_Boriti:

Nimesoma kimya kimya nikasema niache, lakini nimekutana na Kumbukumbu la Torati 22:8 nikashindwa.

Mdogo wangu Kipimapembe, mimi ni injinia wa majengo, nina leseni ya PE, yaani ya injinia kamili mwenye muhuri wake, na nimekaa upande wa pili wa meza ya usaili mara nyingi kidogo. Nikipokea sivii ya mhitimu naangalia ABET, naangalia kama kafanya mtihani wa FE, ule wa misingi ya uinjinia ambao ni hatua ya kwanza kuelekea leseni, naangalia projekti ya mwaka wa mwisho na wapi kafanya intanshipu. Jina la chuo nalisoma ili nisikosee kulitamka. FE ni maswali 110 kwa masaa matano na dakika ishirini, unafanya kwenye kompyuta, na maswali hayakuulizi ulisoma kwa masista au kwa nani. Ufanye ukiwa mwaka wa mwisho kabla hujasahau, baadaye na uzoefu wa kazi wa miaka minne hivi ndio unaenda kwenye PE yenyewe. Hata kama utarudi nyumbani fanya FE, ni karatasi inayokuongelea hata kama haupo.

Sasa niwaambie kwa nini huo mstari umenitoa kwenye kimya. Tarehe 17 Julai 1981, hoteli ya Hyatt Regency, Kansas City. Ukumbini kulikuwa na madaraja ya kutembelea yamening'inizwa kutoka darini, la ghorofa ya nne na la ghorofa ya pili moja juu ya jingine. Mchoro wa mwanzo ulikuwa na nondo ndefu moja inatoka darini inapita kwenye daraja la juu mpaka la chini, kila daraja limekaa kwenye nati yake. Nondo ndefu hiyo ni usumbufu kuifunga, unazungusha nati ghorofa mbili nzima, kwa hiyo wakaikata mbili, moja kutoka darini mpaka daraja la juu, nyingine kutoka daraja la juu mpaka la chini. Kwa macho ni kitu kilekile. Lakini fikirieni watu wawili wameshika kamba moja, kila mtu na mikono yake. Sasa mwambie wa chini aachie kamba amshike mwenzie miguu. Kamba ni ileile, uzito ni uleule, ila mikono ya yule wa juu imebeba watu wawili. Nati za daraja la juu zikabeba mzigo mara mbili, na hata mchoro wa mwanzo ulikuwa haufikii kiwango cha kanuni za ujenzi za mji. Usiku kuna dansi ukumbini watu wamejaa. Wakafa 114.

Hiyo hesabu mwanafunzi wa mwaka wa pili anaimaliza kwenye nusu ukurasa. Hakuna aliyeifanya. Waliotengeneza vyuma wakasema injinia ataangalia, mainjinia wakagonga muhuri wakiamini waliotengeneza vyuma wameangalia. Wenye muhuri wakanyang'anywa leseni Missouri. Kwa hiyo ukiniuliza hilo swali la mwalimu wa Mkereza, kwa nini mwenye nyumba abebe mzigo wa mtu ambaye hakumwalika, mimi nalijibu kila nikigonga muhuri wangu na mkono unakuwa mzito kidogo. Sisemi Agano la Kale lingewaokoa wale wa Kansas City, lingewaokoa nusu ukurasa wa hesabu. Nasema tu kijana aliyeandikishwa insha mara tatu juu ya jambo hilo akija kwangu tunaanza mbali kidogo.

Mzee_wa_Spana:

Dada heshima yako, lakini Hyatt hata sisi tumeisoma, hiyohiyo. Maadili ya uinjinia ABET wanadai kila mahali, sio kwa walokole tu.

Dada_Boriti:

Wanadai, ndiyo. Mliisoma kwa muda gani?

Mzee_wa_Spana:

Kipindi kimoja. Slaidi kama kumi na mbili halafu tukasaini mahudhurio.

Sawa nimekaa chini.

Kipimapembe:

Wakubwa mmenisaidia sijui niseme nini. Nimeingia tovuti ya ABET. Programu ipo, lakini haijaandikwa mitambo, imeandikwa uinjinia tu, yaani Uinjinia bila jina la pili. Kwenye karatasi ya admisheni wameandika uinjinia, mkazo mitambo. Hii ndio ile ya kuning'iniza ukutani? Nimeogopa kidogo.

Na jambo la pili, dada Boriti, hilo la nati nimemchorea mjomba. Ni fundi wa magari, kakaa nalo kimya muda mrefu kisha kasema "hiyo hata mimi ningeikamata". Simu zinapokelewa sasa.

Dada_Boriti:

Mwambie mjomba namkaribisha ofisini. Kuhusu jina usiogope, ni kawaida kwa vyuo vidogo, Calvin na Dordt wanatoa digrii ya uinjinia kwa jumla yenye mikazo ndani yake, mitambo, umeme, majengo. Mimi kwenye sivii naisoma vizuri tu. Tatizo dogo ni mifumo ya kompyuta ya waajiri wakubwa, ukichagua "uinjinia wa jumla" unaweza kuchujwa na mashine kabla mtu hajakuona, kwa hiyo kwenye sivii andika mkazo wako mstari uleule na digrii. Na kama unarudi nyumbani, andikia bodi ya usajili SASA HIVI uwaulize jina hilo wanalisajili kwenye fani gani, upate jibu la maandishi ulihifadhi. Bodi nyingine ni wapole, nyingine wakiona neno mitambo halipo kwenye cheti watakuzungusha watake transkripti na maelezo ya kila kozi.

Mkereza_Vyuma:

Hapo kwa dada sina la kuongeza. Sasa niseme lile nililosema ninalo.

Idara ikiwa ndogo kozi nyingi zinafundishwa mara moja kwa mwaka. Soma tena, mara MOJA. Na uinjinia ni mnyororo, kalkulasi ya kwanza inafungua ya pili, kalkulasi na fizikia vinafungua ile kozi ya nguvu kwenye vitu vilivyotulia, hiyo inafungua ya uimara wa vyuma, hiyo inafungua usanifu wa mashine, na usanifu wa mashine ndio unakupeleka kwenye projekti ya mwisho. Huko hakuna sapu dogo. Hakuna kurudi Septemba ukafanya mtihani ukaendelea. Ukifeli muhula wa kwanza wa mwaka wa pili unasubiri mwaka mzima kozi irudi, na nyuma yake zote zimesimama kwenye foleni. Mimi nilifeli hiyo ya nguvu. Malaria haikuwa, mapenzi hayakuwa, ni uzembe tu na baridi. Nikakaa mwaka mzima nachukua filosofia na historia ya kanisa kama mzee wa baraza, viza inataka uwe na krediti kamili kila muhula kwa hiyo siwezi hata kupumzika, na ada inaenda. Kwenye chuo cha mzee wa spana ningerudia muhula unaofuata au kiangazi. Na nilipoenda kuomba wanihesabie kozi ya kiangazi ya chuo kingine, ofisi ikanizungusha mpaka kiangazi chenyewe kikaisha. Hilo ndilo lililonifanya nisitaje jina.

Kwa hiyo kabla hujasema ndiyo waombe huo mnyororo wa kozi umechorwa kwenye karatasi, na uulize ipi inafundishwa muhula gani, na ukifeli hapa unatokea wapi. Skolashipu nayo ina GPA yake ya kuishikilia, angalia ni ngapi, na uulize ukiongeza mwaka wa tano inaendelea au inakatika kwenye wa nne. Yangu ilikatika.

Mzee_wa_Spana:

Hii sasa ndio nilikuwa naisubiri mtu aiseme. Nyongeza yangu moja dogo, usilinganishe ada ya kwenye brosha. Hivi vyuo binafsi bei ya mezani ni kubwa halafu wanakupunguzia kwa skolashipu, vya jimbo bei ya mezani ndogo ila wewe mgeni unatozwa ile ya watu wa nje ya jimbo na punguzo ni la kutafuta kwa tochi. Weka namba ya mwisho kwa namba ya mwisho, na chumba na chakula na bima humo humo. Unaweza ukakuta wa Yeremia ni nafuu. Nimeumia kuandika hiyo sentensi.

Kipimapembe:

Mrejesho wakubwa. Niliandika barua pepe kwa mkuu wa idara jana usiku nikauliza mnyororo wa kozi kama alivyosema kaka Mkereza. Amejibu mwenyewe asubuhi, kachora kwa mkono kwenye karatasi, kaipiga picha, mishale kibao, na kozi nne kazizungushia wino mwekundu, kaandika pembeni "hizi usiguse uzembe". Ile ya nguvu imo. Kaniambia pia kuna kozi mbili wanakubali uzifanye kiangazi chuo kingine ila ruhusa uombe mwezi wa pili, sio wa tano. Skolashipu ni GPA ya 3.0 na ni mihula minane tu, wa tisa ni wangu na mjomba.

Bodi ya huku nimewaandikia, bado hawajajibu. Mjomba kasema tusubiri barua ya bodi kwanza ndio tulipe zile dola 350 za SEVIS, ada ya serikali ya Marekani kwa wanafunzi wa kigeni, isije ikawa pesa imeenda.

Ila nina swali moja la mwisho, nina kalkuleta yangu ya Casio fx-991 tangu sekondari, namba saba inabonyezwa kwa nguvu. Hiyo FE wanaikubali au ninunue nyingine?

Dada_Boriti:

fx-991 zote zinakubaliwa. Hiyo namba saba itengeneze.